Ndagala Zilizolala Vizuri

Mjukuu wangu Neema,

Huku Kalundu tuko wazima. Mama yako alijifungua msichana. Unauliza kama uache masomo urudi, maana profesa alikataa kipimo chako cha zile chembe ulizoniandikia, zinazong'aa ndani ya utando wa seli: ulitaka kujua kama zimelala ao zimesimama. Weye uliziangalia upande mmoja tu, mvivu.

Nikiwa msichana nilianika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, zikang'aa, nikamwambia mama zimelala vizuri.

"Umezunguka?"

Nikazizunguka, nikiziangalia kila upande. Ndagala zilizolala pamoja zinang'aa upande mmoja, upande wa pili zinafifia. Zangu ziling'aa kidogo kila upande: zilipandana ovyo, na za chini zilianza kuoza.

Nilizitandaza upya moja moja, mama akinitazama.

Pima tena chembe zako, uziangalie kila upande. Nyumbani utakuja ukimaliza.

Bibi yako