Fulu wa Baba Atieno

Baba Atieno,

Nimeketi kwenye stuli ya jikoni, tangi lako la samaki likiwa mbele yangu. Ni Jumapili, nimetoka kanisani na nimevua viatu. Nina neno la kukuambia kuhusu samaki wako. Nimelibeba tangu matanga yako na limenichosha. Kaburini sikuweza kulisema, ndugu zako walikuwa wamenizunguka, na mjane akianza kuongea na kaburi habari za samaki, watu watasema akili imehama. Kwa hiyo nakuandikia. Samaki wako hawapo. Amebaki mmoja tu, na watoto wake. Wale wengine nitakueleza walikokwenda, lakini niache nianzie pale ninapoweza, maana nikianzia pale pabaya nitaitupa hii kalamu.

Wewe unajua mimi sikulipenda hili tangi. Tusidanganyane kwa sababu umekufa. Nimeuza samaki sokoni Kondele tangu kabla hujanioa. Mkono wangu unajua kupara, kupasua na kutumbukiza kwenye mafuta. Halafu mume wangu, fundi wa vioo, mtu mzima na ndevu zake, analeta nyumbani samaki wa kuamkiwa asubuhi. Nililiita tangi hili mke mwenzangu. Nilipolalamika kwamba unawaamkia wao kabla yangu, kesho yake ulinigusa bega kabla hata sijafungua macho, ukasema, "Nimekuamkia wewe kwanza, na mashahidi ni hawa hapa." Nilikasirika nikacheka. Ulikuwa na tabia hiyo ya kunichekesha nikiwa bado sijamaliza kukasirika.

Lakini mwanzo wa jambo hili ulitoka mikononi mwangu mwenyewe. Mwaka ule Atieno wetu alipokuwa akijiandaa kwa mtihani wa darasa la nane, nilipasua mbuta, sangara mkubwa wa ziwani, kwenye ubao wangu, na wewe ulikuwa umekuja kunibebea maji. Tumboni mwake wakatoka samaki wengine, fulu, mmoja baada ya mwingine, wadogo kama kiganja cha mtoto. Mmoja alikuwa na mkia mwekundu. Ulimwosha, ukamshika, ukamtazama mpaka nikakuuliza kama ni jamaa yako. Ukaniambia hao ndio uliokuwa ukivua na nyanya yako kule Asembo, zamani wakijaa ufukweni hadi watu wakawadharau kuwa ni miiba mitupu, chakula cha maskini. Sasa mvuvi alikuwa anaweza kumaliza wiki bila kumwona wa mkia mwekundu hata mmoja. Mbuta anawamaliza, ulisema. Mimi nikakujibu kwamba huyo mbuta ndiye anayemsomesha Atieno. Nilijua nimekuumiza, na sikuomba msamaha, kwa sababu nilichosema kilikuwa kweli.

Jumamosi iliyofuata ulienda ziwani, kwenye mawe ya Dunga, na kipande cha chandarua, ukarudi na ndoo. Ndani walikuwa fulu sita.

Tangi ulilitengeneza kwa vioo vya kabati la duka lililofungwa pale mjini. Lilivuja mara mbili, na mara ya pili maji yalinywewa na godoro letu. Halafu sheria zikaanza. Maji ya mfereji yalale kwenye ndoo siku nzima, mpaka harufu ya dawa iishe. Kila Jumamosi kubadilisha robo tu, robo, Mama Atieno, wala usiguse zaidi, kwa sababu hata wewe ukihamishwa nyumba nzima kwa siku moja utaugua. Sponji ya kuchujia uchafu ioshwe kwa maji yaleyale ya tangi, isiletwe karibu na sabuni. Chakula kiwe kidogo, kiishe kabla mtu hajamaliza kusema Baba Yetu. Na ile tiubu ya gari uliyokuwa ukiijaza upepo kwa pampu ya baiskeli, iwapumulie samaki wakati stima imepotea! Nilikwambia, mimi nikikosa pumzi sijui kama utanikimbilia hivyo. Ukasema mimi nina kelele nyingi, siwezi kukosa pumzi.

Mara ya kwanza nilipolikubali hili tangi, na sikukuambia, ni siku ile uliponiita nikiwa na unga mikononi. Jike mmoja alikuwa amevimba kidevu na hali chakula. Mimi nilisema ana ugonjwa, tumtoe. Ukanishika mkono ukaniambia ningoje. Siku zilipotimia akafungua mdomo na watoto wakatoka, wadogo kama mbegu za nyanya. Ulipopitisha kivuli cha mkono wako, wote wakarudi mbio mdomoni mwa mama yao. Yawa! Miaka yote nilikuwa nakuta vile vitoto midomoni mwa fulu nikidhani mama amekula watoto wake. Nilikuwa nawatupa. Kumbe alikuwa amewabeba, na kwa ajili yao alikuwa amefunga kula.

Sasa nifike pale.

Ulipofariki, akina mama wa kanisa walikuja nyumbani kuandaa matanga. Walinikalisha kwenye mkeka chumbani, wakaniambia mjane hashiki ufagio. Sebule ilihitaji nafasi ya mabenchi, na tangi likiwa na maji halisukumiki. Mmoja akaja kuniuliza. Nilikuwa sijala siku mbili, macho yamevimba, nikasema wafanye wanavyoona. Nikasema hivyo mimi, kwa mdomo wangu. Vijana wakavuta maji kwa mpira, wakaacha kidogo tu chini, akina mama wakawatoa samaki kwa chujio, tangi likasukumwa hadi chumbani karibu na mkeka wangu. Wakaniambia samaki wako salama, wako kwenye karai jikoni. Nikasema asante.

Karai jikoni, Baba Atieno. Jikoni kwangu. Kando ya beseni langu la mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta ninayokaanga kila siku. Achieng', mke wa mdogo wako, alifika mchana huo kutoka nyumbani Asembo, amechoka, amebeba unga na kuni. Hakuwahi kuona tangi lako. Aliona karai la fulu wazima katika nyumba ya mwanamke anayekaanga samaki. Angefikiria nini? Hata mimi ningekuwa yeye ningechukua kisu.

Aliwapika vizuri. Aliweka nyanya na kitunguu, na kwa sababu fulu sasa ni nadra akawatengea wazee na mimi. Alipiga magoti akaniwekea sahani mbele, akaniambia, kama sisi wake wa ndugu tunavyoitana, "Kula, mke mwenzangu, nimekupatia kitu ambacho hujakiona siku nyingi." Harufu ilinifikia. Tumbo langu, tumbo la mtu ambaye mumewe amelala mochari, likaunguruma. Nikamega ugali. Nikala mmoja, nikala na wa pili. Nilikula, Baba Atieno. Nilitafuna na kulamba vidole, na walikuwa watamu, na hilo ndilo ambalo sijaweza kulisema kwa mtu yeyote, kwamba walikuwa watamu. Nilipomgeuza wa tatu nikaona mkia.

Sikupiga kelele. Wageni wa nje wangesema ni kilio cha mjane tu, na wa ndani wangemuuliza Achieng' amefanya nini. Yeye alikuwa anapita na sahani za wazee, amefurahi kwa sababu wanamsifu. Mzee Ogola, baba yako mdogo, nilimsikia kupitia pazia akisema amekula chakula cha utoto wake, kisha akalia kwa sauti. Nikaifunika sahani yangu. Achieng' mpaka leo hajui, na kwangu hatajua. Ule ulikuwa upendo, umekosea njia.

Nilitambaa hadi kwenye tangi. Nilikuwa nalitafuta tu, nilie mahali panapokuhusu. Maji yaliyobaki hayakufika hata kiwiko. Na ndani ya lile gae la chungu uliloliweka kati ya mawe, jike mmoja alikuwa amejibana. Kidevu kimevimba.

Sijui ni nani aliyenisukuma. Mjane hashiki kazi, lakini niliinuka. Chini ya meza ya jikoni zilikuwepo ndoo tatu za maji, zimefunikwa kwa mbao. Ulizijaza wewe siku ile walipokupeleka hospitali. Ulikuwa unakohoa hadi unashika ukuta, na bado ukachota maji ya Jumamosi. Nilizibeba moja moja, nikamwaga polepole kwenye kiganja ili maji yasitibuke. Sponji ilikuwa bado ina unyevu, nikairudisha bila kuiosha. Nikajaza tiubu upepo. Mama mchungaji alinikuta nimepiga magoti na pampu ya baiskeli, kitambaa cha matanga kimedondoka. Alinitazama, akatoka, akafunga mlango asiingie mtu. Mungu ambariki.

Tulipokupeleka Asembo kukuzika nilikaa huko wiki mbili, kama desturi inavyotaka. Ufunguo nilimwachia Mama Nekesa wa nyumba ya pili. Nilimwambia asimpe yule jike chakula, huyo hali sasa, ampe upepo tu asubuhi na jioni. Aliniona kama mtu wa kuhurumiwa lakini alifanya. Kule nyumbani, watu walidhani nikinyamaza namuwaza marehemu. Nilikuwa nakuwaza. Lakini pia nilikuwa nahesabu siku za yule jike, na nikiletewa samaki nasema tumbo linauma.

Niliporudi alikuwa amekonda kama kisu cha zamani, kichwa kimekuwa kikubwa kuliko mwili. Sikuvua hata kanga ya safari. Siku ya pili, saa nne asubuhi, akafungua mdomo. Nilihesabu kumi na saba. Nilitaka kukuita. Nilifungua mdomo kukuita, jina likatoka kabisa, na nyumba ikanyamaza. Ndipo nilipojua umekufa. Mazishini nilikuwa najua kwa kuambiwa.

Sasa wamefika urefu wa ukucha. Mama yao anakula, amenenepa. Maji yalichafuka wiki ya kwanza, yakawa kama maji ya mchele, na nusura niyamwage yote. Nikajizuia. Nikabadilisha kidogo kidogo, nikapunguza chakula, yakajisafisha. Kule ziwani lile gugu linaloelea majini limefika hadi gatini, maboti yanakwama, na akina mama wa samaki tunashinda tukitazama majani. Atieno anakuja mwisho wa wiki kutoka shule anayofundisha karibu na Maseno. Anataka nihamie kwake. Nimemwambia tangi halihamishiki kwa siku moja. Amecheka, akasema nimekuwa wewe.

Alhamisi Mzee Ogola alikuja mjini kwa matibabu ya macho, akalala hapa. Asubuhi nilimkuta amebandika uso kwenye kioo. Akaniuliza, kwani hawa si wale fulu tuliowala matangani? Niliwatoa wapi? Niliweka chai yake mezani. Ningeweza kumwambia nilinunua. Nimedanganya wateja kwa mambo madogo kuliko hayo. Lakini nilikuwa nimechoka, nikamwambia yote. Nikamwambia walikuwa wako, ulikuwa umewalea tangu wazazi wao na wazazi wa wazazi wao, na kwamba aliyesema wafanye wanavyoona ni mimi, na kwamba nilikula.

Alikaa chini. Unajua wazee walivyonung'unika siku ile, kwamba umekaa mjini maisha yako yote na huna hata ng'ombe mmoja nyumbani wa kuchinjiwa wageni, mpaka ndugu zako wakakutafutia fahali. Mzee mwenyewe alinung'unika, sauti yake ilikuwa juu kuliko za wengine. Basi akapangusa macho yake mabovu, akasema, "Mwanaume akifa, waombolezaji hula cha zizi lake. Sisi tulisema huyu hana zizi. Kumbe tulikula cha zizi lake, na tukashiba."

Nililia, Baba Atieno. Mzee aliniacha nilie, hakuniambia nyamaza. Baadaye alikunywa chai yake ikiwa baridi na akaniuliza hawa wanakula nini.

Basi nimesema. Ukiwa umekasirika, kasirika, una haki, lakini usikawie sana kwa sababu nimekuzoea ukiwa umetulia. Hawa waliobaki nakuahidi hawatafika jikoni maadamu mimi naishi, na siku nitakapokuja huko Atieno atakuwa anajua kila kitu ninachojua, maana Jumamosi ijayo nitamweka mbele ya tangi na sitamruhusu kukaa. Karai nimelitoboa, nimepanda sukuma wiki ndani.

Lala vizuri huko Asembo, mume wangu. Siku ile nilikula kwako, na sikusema neno lolote kama mtu asiyefunzwa adabu.

Asante kwa chakula.

Mama Atieno