Ua Jekundu la Dirishani kwa Mama

Mwaka umetimia, Mama yetu Eveline Mgimba, tangu ulipotutoka hapa Nyololo, na mimi bado nina hasira. Tulitaka Jumamosi hii tuweke kaburini ua lako jekundu, lile linaloota kutoka kwenye kitunguu chake, lililokaa dirishani kando ya cherehani. Halijachanua. Waliolikosesha ni sisi wanao.

Nusu ya Nyololo bado inavaa kazi ya mikono yako. Mtoto aliyechanikiwa sare ulimshonea palepale, akisubiri amejifunga kanga yako. Koti la mchungaji ulilipanua huku ukimwambia apunguze chapati.

Ua tu ndilo ulilowanyima watu. Kila mteja aliomba kitoto, kimoja cha vile vitunguu vidogo vinavyochomoza ubavuni mwa kile kikubwa. Ulifukua udongo kwa kidole, ukachungulia, ukarudishia. "Subiri, dada. Huyu bado hajapata mizizi yake." Jirani yako Paskalina alikwambia u mchoyo hata wa majani. Ukacheka. Miezi ikapita, ukampelekea mwenyewe chake kwenye kopo.

Tulipoanua matanga tukagawana vitenge vyako. Shangazi Sabina akasema na ua ligawanywe, kila mtoto aondoke na chake. Tukavibandua vitoto kama watu wanaomenya kitunguu swaumu. Nani alichungulia mizizi? Hakuna.

Kaka Sosthenes alikwenda na chake Kilolo. Nilimwambia asikifukie chote, shingo ibaki nje kama ulivyozoea kufanya.

"Mdogo wangu, mimi nalima viazi, kitunguu cha dirishani kitanishinda?"

Akakizika, akakipandishia tuta, akakijazia samadi. Kikaoza. Cha Gerson kilikauka Chunya kabla hajakumbuka kukipanda. Changu, kule Mbeya ninakoishi, nilikimwagilia kila nilipokukumbuka. Nacho kikaoza.

Kinachoniudhi ni kwamba hukuficha kitu. Ulifanya yote mbele yetu, miaka yote, nasi tulikuwa tunauliza chai iko wapi.

Baba alibaki na kitunguu kikubwa, kimejaa makovu. Mwaka mzima kimetoa majani matupu. Halafu majuzi vikachomoza vitoto viwili. Shangazi alipokuja kupanga ibada akaviona.

"Fanueli, safari hii kimoja changu."

Baba, ambaye ulipokuwa hai hakuwahi kuligusa ua hilo, akafukua udongo kwa kidole, akachungulia, akarudishia. "Subiri, dada yangu. Huyu bado hajapata mizizi yake."

Shangazi akanuna vilevile walivyonuna wateja wako.

Basi Jumamosi, baada ya ibada ya nyumbani, ua litakalowekwa kaburini litatoka kwa Paskalina. Lake limechanua, jekundu, linaonekana toka barabarani. Nilipokwenda kumwomba, alinipangusia kiti kwanza, akanitazama.

"Nitalileta. Mama yenu aliniambia nisubiri, nikasubiri. Ninyi je?"



Unakumbukwa na mumeo Fanueli, wanao Sosthenes, Gerson na Esnath, wakwe na wajukuu zako, wifi yako Sabina, jirani yako Paskalina na wanakwaya wenzako wote.

Siku zote tutakukumbuka, na vitoto hivi viwili hatuvigusi.