Nilimwagia Maji Soda ya Baba Ili Ukuta Usifutwe

Mpendwa Mama Gaëlle, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, na naomba jina langu usilitaje, kwa sababu hapa Buyenzi gazeti moja husomwa na watu kumi, na mmoja wao atakuwa baba yangu. Barua nimeileta mwenyewe ofisini kwenu ili iwahi toleo la Jumatano.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, bado niko shule, ni mtu wa vitabu na si mtu wa maneno. Baba yangu alikuwa mchoraji wa matangazo ya ukutani, na zamani, kabla ya mabango ya plastiki yanayochapishwa kwa mashine, ungeweza kutoka bandarini mpaka Ruziba ukikutana na mkono wake kwenye maduka na kwa vinyozi, na mimi nilikuwa nakaa mbele yake kwenye baiskeli nimeshika kopo la brashi, na kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa ukuta wa bohari moja ya Zone Industrielle, kule kwenye viwanda, neno MAWESE kwa herufi nyekundu ndefu kuliko yeye, na pembeni mwanamke anayemimina mafuta kwenye sufuria. Pale ndipo nilipojifunza kusoma. Nilikuwa na miaka minne, baba yuko juu ya ngazi, mimi chini kivulini, akawa ananiambia M ni milima miwili, W ni milima ile ile imelala chali, S ni nyoka aliyeshiba, na jioni nikamwandikia mama neno zima hewani kwa kidole, mama akadhani nafukuza nzi. Mpaka leo nikifungua kitabu kipya nasikia harufu ya rangi ile.

Sasa kazi ya brashi imekwisha na baba anatumia mashine ya kupuliza soda. Ni kompresa, tangi na mpira mrefu, na ndani unawekwa unga mweupe, ndugu wa ule tunaotia kwenye maandazi ila punje zake ni kubwa kidogo, unaotoka kwa nguvu ya hewa na kuondoa rangi au masizi bila kuumiza kilicho chini. Mchanga hula matofali, soda huyaacha. Mwezi huu amepewa ukuta wa kusafisha, na ukuta wenyewe ni ule. Wapangaji wapya wa bohari wanataka matofali matupu ili watundike bango lao.

Ni likizo, kwa hiyo nampelekea baba chakula kisha nakaa kusoma. Anafanya kazi na kaka Djibril, ambaye amekuwa naye miaka saba sasa, na ambaye kila akiniona na kitabu huniuliza, "Docteur, hicho kinaiva saa ngapi, tukule?" Siku ya kwanza walimwondoa yule mwanamke. Siku ya pili, M. Baba aliushika mpira kwa mshazari, akashuka polepole kutoka juu, nyekundu ikawa waridi, waridi ikawa vumbi, na alipomaliza akavua barakoa akakung'uta mikono huku anapiga mluzi, mluzi wa mtu anayeficha huzuni, mimi namjua baba yangu. 

Kesho yake ilikuwa Ijumaa na asubuhi mvua ilinyesha. Mchana wakaenda msikitini wote wawili, wakaniachia vyombo vya kazi nivilinde. Nilifungua gunia la soda, nikamimina ndoo nzima ya maji, nikaliacha wazi. Sikuwa nimepanga. Niliona A inangoja zamu yake, na mkono ukaenda.

Waliporudi unga ulikuwa umeshikana kama ugali. Baba akauliza, "Djibril, gunia uliliacha wazi kwenye mvua?"

"Apana, mzee. Mi nililifunga na kamba, mara mbili."

"Basi maji yametembea kwa miguu?"

"Wallahi sijui, mzee. Mi nilifunga."

"Miaka saba, Djibril, na leo unanidanganya mu macho yangu."

Wakati huo akafika bwana Révérien, msimamizi wa bohari, akatazama gunia, akasema, "Mzee, Jumamosi huu ukuta ukuwe propre, safi kabisa. Ama naita wale bajeune ba mchanga, wao habana kelele," yaani vijana wanaopuliza mchanga badala ya soda. Baba akamwambia kaka Djibril aende nyumbani kwa mkewe, atamwita. Mpaka leo Jumatatu hajamwita. Soda mpya imefika, na baba amepanda ngazi peke yake, mpira mkononi, hakuna anayemshikia, na mimi nikisogea ananiambia nikae mbali na vumbi.

Nikisema, baba atajua kwamba aliyemharibia kazi ni mtoto wake. Nikinyamaza, kaka Djibril anabaki mwongo. Je, kuna njia ya kumrudisha kazini, na labda kuokoa hata herufi mbili za mwisho, bila mimi kusema kitu?

Msomaji wako wa Buyenzi

JIBU LA MAMA GAËLLE

Binti yangu, njia unayoitafuta haipo, na unajua haipo, ndiyo maana umejaza karatasi tatu.

Nikupe pole kwanza. Ukuta ule naujua. Miaka yote niliyofanya kazi upande wa bandari nilikuwa napita mbele yake asubuhi, na yule mwanamke wa sufuria nilimwonea wivu kwa sababu mafuta yake hayakuisha hata mwezi ukiwa mbaya. Nimesoma barua yako mpaka chai ikapoa. Anayekukemea sasa hivi ni mtu anayejua kilichofutwa.

Umeuhurumia ukuta, ukamtupa mtu. Djibril alifunga gunia mara mbili, alisema kweli, akaapa, akaitwa mwongo, na wewe ulikuwa umesimama hapo hapo. Herufi ikiondoka hairudi nyumbani kuulizwa na mke wake kwa nini imerudi mapema. Djibril ameulizwa. Na sasa baba yako yuko juu ya ngazi bila mtu wa kuishika, katika kazi ambayo siku zote hufanywa na watu wawili. Hilo ndilo linalonitisha kuliko rangi yote ya Bujumbura.

Halafu huo mluzi. Huenda alikuwa anaficha huzuni. Huenda alifurahi kwamba kazi yake mwenyewe anaiondoa kwa mkono wake, taratibu, wala hawakupewa hao vijana wa mchanga waje kuyatafuna matofali. Mimi sijui. Wewe pia hujui, kwa sababu katika barua nzima hujamwuliza baba yako swali hata moja. Umemsoma kama kitabu, ukajaza mwenyewe kurasa usizoziona. Yeye yuko hai na anajibu.

Kwa hiyo Jumatano hii hii, ukimaliza kusoma hapa, nenda bohari kabla hajapanda na kabla gazeti halijamfikia, maana jina lako sikulitaja lakini ukuta wake atautambua. Mwambie. Atakasirika, na ana haki, usilie ili aache. Kisha mwombe mwende wote kwa Djibril. Mlango gonga wewe, sema wewe kwanza, na useme mbele ya mkewe, kwa kuwa aibu yake naye aliipata mbele ya watu. Djibril akikataa kurudi, hiyo ni haki yake, na wewe utashika ngazi mpaka Jumamosi, na barakoa usoni, hata baba akinung'unika.

Ukuta ni wa wenyewe, usimwombe mtu auache. Ila herufi zilizobaki zina siku mbili tatu. Azima simu upige picha. Chukua daftari, na wakati wa chakula muulize baba nyekundu ile aliichanganyaje, alianzia herufi ipi, na yule mwanamke alikuwa nani. Hilo la mwisho niandikie, nimelitaka miaka mingi.

Najua ulimi wako utagoma, kwa hiyo maneno nimekuandikia mimi. Ni manane tu: "Baba, soda niliimwagia maji mimi. Kaka Djibril alifunga." Ukishayasema, nyamaza, na safari hii mwache baba yako aongee mpaka amalize.