Nani Ataongea na Koku?

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini nikianza bila shikamoo nitajiona nimekukosea heshima, na leo nina shida za kutosha. Ni mimi mdogo wako wa Bugene, na shida yenyewe ni binti yangu, Koku wako.

Tangu tukuzike amenyamaza. Mtoto aliyekuwa anaimba mpaka majirani wanalalamika, sasa anakula ameelekea ukutani. Mama yake akimuuliza kitu, anainua mabega. Nikimuuliza mimi, anasema, "Sina kitu, Baba," huku machozi yanamlengalenga. Mwezi huu akasema hataki tena shule, kila asubuhi mpaka mama yake amsukume. Kidato cha tatu, dada! Nimechanganyikiwa, nakuambia kweli.

Hili lingekuwa lako. Kwetu baba haongei na binti mkubwa mambo ya moyoni. Shangazi ndiye anayeingia chumbani na kufunga mlango. Nakumbuka Koku alipovunja ungo, ulikuja kutoka Rubwera na kanga mpya begani, ukanisalimia haraka haraka kana kwamba mimi ndiye mgeni. Mlikaa ndani hadi chai ikapoa. Nilipokuuliza mmeongea nini, ukacheka: "Wewe nenda kalishe mbuzi." Sikuwahi kujua, na kusema ukweli nilifurahi kutojua.

Na mimi ulinilea hivyohivyo. Baba alipofariki nilikuwa na umri huu wa Koku. Wakubwa walikuwa wananiambia nijikaze, mimi ni mwanaume. Ukanikuta kwenye mibuni nalia, nimejificha nikijifanya nachuma kahawa. Uliweka kikapu chini, ukaanza kuchuma upande wa pili wa mti. "Lia kwanza, tutaongea baadaye," ulisema. Toka siku ile kila kilichonishinda nilikuletea wewe, hadi mambo ya kumposa Mama Koku.

Sasa mimi nikafikiri: shangazi ametutoka, basi tutafute shangazi mwingine. Nikamwita binamu yetu wa Kayanga, yule mwenye sauti kubwa. Akaingia chumbani, akafunga mlango, na sisi wote uani tukamsikia akimwonya Koku kuhusu wavulana. Binamu akatoka, akala ndizi zetu, akasema ni umri tu, utapita. Utapita lini? Mimi hata sikumbuki wangu ulipitaje.

Wiki iliyopita shule ikanipigia simu. Mwalimu wa unasihi, yule anayewasikiliza wanafunzi waliolemewa na mambo, alitaka tuonane. Dada, unajua huku kwetu mzazi wa binti akiitwa shuleni, tunawaza kitu kimoja tu: mimba. Nikavaa koti, nikachukua wazee wawili wa ukoo ili nisiingie kwenye kesi peke yangu. Mwalimu Adventina alipotuona tumejipanga mlangoni, nusura acheke.

"Shikamooni wazee wangu. Hakuna kesi hapa. Namwomba Baba Koku peke yake."

Wazee wakabaki nje kwenye benchi, wamenuna kidogo. Ndani nikamkuta Koku. Mwalimu akamuuliza kama analala vizuri. Nikajibu mimi: analala sana. Akamuuliza kinachomsumbua. Nikajibu tena: ni umri.

"Baba Koku," mwalimu akasema taratibu, "nimemuuliza yeye."

Nikafunga mdomo. Nikaona aibu, nikadhani kikao kimeshindikana. Kumbe Koku alikuwa ananitazama.

"Baba, wewe ukisumbuka unamwambia nani?"

Mtoto anamuuliza baba yake hivyo? Nikamtazama mwalimu anisaidie, naye katulia tu. "Nilikuwa namwambia shangazi yako," nikasema.

"Hata mimi," Koku akasema, akaangua kilio. Na mimi nikalia, dada, mbele ya mwalimu, ndani ya koti langu la harusi.

Ndipo nikajua mlikuwa mnapigiana simu kila Jumapili baada ya kanisa. Kwamba mambo ya shule alikuwa anayakusanya ili akusimulie wewe, na sasa haoni anakwenda shule kwa ajili ya nini. Kwamba Jumapili ikifika bado anaishika simu ya mama yake, hajui ampigie nani. Nimeishi naye nyumba moja na sikuliona hilo. Nakukumbuka sana, dada, lakini sikujua kwamba humu ndani tulikuwa wawili.

Jana, Jumapili, nilikuwa jikoni namenya ndizi, kazi ambayo Mama Koku anasema naiharibu. Koku akaja akaketi. Akaanza kunieleza habari za rafiki yake aliyemgeuka, za hofu inayomjia bila sababu, za kujichukia akijiona kwenye kioo. Nusu ya maneno sikuyaelewa. Mara nilitaka kumwambia ajikaze, mara nimwite mama yake. Nikabaki tu na kisu mkononi. Wewe ulikuwa unamjibu nini?

Alipomaliza akainuka. "Baba, hata hukunijibu," akasema. Nikajua nimeharibu. Alipofika mlangoni akageuka: "Jumapili ijayo nitakuambia mengine."

Leo asubuhi amevaa sare bila kusukumwa, ameondoka. Sijui nilichofanya, dada, na sijui kama nitaweza kukifanya tena.

Pumzika salama. Ukipata nafasi, nijie ndotoni unielekeze, kabla ya Jumapili.

Mdogo wako,
Baba Koku