Nyimbo za Babu Alizoziokoa Mama Yako kwa Kutozisikia

Nyacheki, Kisii
9 Machi 2025

Mpendwa Ronny, mume wangu mdogo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo huko Perth? Joto limepungua? Unakula chakula cha maana, au bado ni mikate asubuhi na jioni? Sisi tu wazima. Goti langu hulalamika mvua ikinyesha, naye babu yako anakohoa kidogo, ila majani chai anachuma mwenyewe na hataki msaada wa mtu.

Usishangae kupata barua ya karatasi wakati simu ipo. Osewe, yule anayefanya kazi na baba yako, anasafiri kuja huko, nami nimempa diski ndogo akuletee. Usiifungulie mbele za watu mpaka umalize kusoma.

Unajua kwamba kabla hajabatizwa babu yako alikuwa mpigaji wa obokano, kile kinubi chetu kikubwa. Wewe hukumwona akipiga. Nyuzi zake nene zilinguruma hadi ukazisikia kifuani, na watu wa Nyacheki walikuwa hawaondoki kwenye karamu hadi yeye achoke. Siku hizi vidole vimekakamaa, hawezi tena. Zilibaki kaseti chache za nyimbo zake kwenye sanduku la bati, na tulipolifungua mwaka jana utepe uliacha unga wa kahawia mikononi mwangu. Nilihuzunika sana, kwa maana zikiharibika hizo, basi ujana wa mume wangu umekwisha kabisa.

Mtu wa kuziokoa tulikuwa naye nyumbani, mama yako Lorna, maana kazi yake pale studio ya Nyamira ni hiyohiyo ya sauti. Ila hizo ni nyimbo za pombeni, Ronny. Zina maneno ambayo hata mimi mke wake nilikuwa nikiyasikia natazama chini. Na chinsoni unaijua: baba mkwe na mkaza mwana wanastahiana, hawawezi kusikia maneno ya aina hiyo pamoja, sembuse yakitoka kinywani mwa baba mkwe mwenyewe. Babu yako alisema afadhali kaseti zitupwe chooni.

Mama yako hakubishana naye. Aliniambia tu, "Mama, mwambie baba nitazihifadhi bila kusikia hata neno moja." Nikamfikishia. Mzee akasema, "Kama ni Lorna amesema, sawa."

Mjomba wako Eric alicheka sana. Alisema hakuna fundi anayerekodi akiwa kiziwi. Yeye alitaka zigeuzwe MP3 ndogondogo ziingie kwenye kundi la familia la WhatsApp. Mama yako akakataa: MP3 hupunguza uzito kwa kutupa sauti, na cha kwanza kuumia kingekuwa ule mngurumo wa obokano. Eric akarukia upande wa pili, eti basi apime sauti mara elfu mia moja tisini na mbili kwa sekunde, amesoma mtandaoni. Hilo nalo akalikataa. Kwa kaseti kuukuu, elfu arobaini na nane inatosha, mengine ni kujaza diski kwa mvumo wa utepe. Alichokishikilia ni biti ishirini na nne. Alinieleza kwamba biti zikiwa nyingi anaweza kurekodi kwa sauti ya chini, aache nafasi kubwa juu, na hata mzee akipiga kelele ghafla haitapasuka. Mtu asiyeweza kusikiliza anahitaji nafasi hiyo. Mimi nilifundisha shule miaka mingi, na sijawahi kuona mtu akiitii mila kwa hesabu.

Basi akaja Jumapili na deki yake ya kuchezea kaseti, babu yako akaenda zake kituo cha chai. Hedifoni nikavaa mimi! Yeye alikodolea macho taa za kijani kwenye kompyuta, akiniuliza tu, "Inasikika, Mama?" Nami namjibu, "Inasikika kuliko inavyostahili." Ronny, nilicheka hadi machozi. Babu yako alikuwa mtu mbaya sana na nilimpenda.

Kicheko hicho ndicho kilichotuponza. Niliinama, waya wa hedifoni ukachomoka, na sauti ikatoka wazi sebuleni. Kusimamisha kaseti mama yako hakuthubutu, utepe usingestahimili kuanza tena. Aliziba masikio kwa viganja, akakimbia hadi migombani, akaniacha na mashine nisizozijua. Kaseti ikaendelea yenyewe. Humo ndani ya kaseti babu yako akapiga ukelele mmoja mkubwa, taa ikapanda, na haikufika kwenye nyekundu. Mama yako aliporudi na kurudisha utepe nyuma, ulikatika vipande. Kilichobaki ni hicho kilicho kwenye diski yako, amekiweka kwa FLAC, ambayo hukunja sauti kama nguo bila kukata kitambaa.

Masikio yangu ni ya kizee na baba yako naye, kwa chinsoni hiyohiyo, haruhusiwi kumsikia baba yake akisema hayo. Wajukuu wengine ni wadogo mno kwa matusi hayo. Wewe na babu yako mnataniana mtakavyo, kwa hiyo sikiliza wewe, utuambie kama imetoka safi.

Sasa jambo ambalo mama yako halijui. Wimbo uliokuwa ukiimbwa alipokimbia haukuwa na neno baya hata moja. Ni ule aliotunga babu yako mwaka baba yako alipooa. Anamtaja Lorna kwa jina. Anasema amepata mtoto aliyeingia jikoni kwa mama mkwe bila kuitwa, na kwamba mila haimruhusu kumsifu usoni, kwa hiyo anaziambia nyuzi.

Nilimweleza babu yako. Alikaa akisugua vidole vyake, kisha akasema, "Huo mpeni asikie."

Uko kwenye faili ya tatu, karibu na mwisho. Ukate, umtumie mzimamzima, usiupitishe WhatsApp. Umpigie simu, umwambie avae hedifoni, aketi, na safari hii asikimbie.

Babu yako Machogu anakusalimu, na baba yako Mose, na Eric ambaye siku hizi hacheki. Mungu akulinde kazini na njiani, akurudishe ukiwa mzima.

Ni mimi nyanya yako, mke wako wa kwanza nisiyechoka kukupenda,

Bonareri