Togwa ya Nyumba ya Tatu

Shule ya Msingi,
Pwani ya Ziwa Nyasa,
Mbinga.

Kwako mke wangu, Mama Namsifu,

Pokea salamu zangu. Nauliza kwanza habari za afya yako, kifua chako wakati huu wa baridi, na hali ya binti yetu Namsifu na mimba yake. Mimi ni mzima. Barua yako ilinifikia, imelowa pembe moja lakini inasomeka. Unasema Namsifu atajifungua kabla sijapata likizo. Kwa sababu hiyo nakuandikia jambo lililotokea hapa, nawe ulisome hadi mwisho kabla ya kuiweka barua hii sandukuni.

Mwalimu mwenzangu Kastori, mzaliwa wa hapa ziwani, ana mke aitwaye Fidea. Fidea alishikwa na uchungu, akakaa nao usiku na mchana, mtoto asishuke. Mhudumu wa zahanati yetu alimpima, akasema wazi kwamba njia haipo, ni lazima apasuliwe. Hapa kijijini hakuna wa kupasua, na hakuna wa kumlaza mtu usingizi ili apasuliwe. Kazi hizo mbili hufanyika katika hospitali ya misheni, juu milimani. Lori la ushirika lilikuwa bovu. Tukafunga blanketi kwenye mianzi, likawa machela, tukaondoka alfajiri, wanaume wanane tukipokezana. Nilikwenda kwa sababu mimi ndiye mkubwa wa Kastori kazini, naye hana baba.

Unapaswa kujua desturi ya njia ile. Machela ikipita mbele ya nyumba, mwenye nyumba hutoka na chakula au kinywaji, na mgonjwa hapitishwi mkavu. Nyumba ya kwanza Fidea alipewa togwa, akanywa kidogo. Nyumba ya pili vivyo hivyo. Nyumba ya tatu iko pale mashamba ya ngolo, yale ya mashimo ya Wamatengo wa milimani, yanapoanza. Alisimama bibi mmoja aitwaye Rozalia, ameshika kibuyu.

“Mnampitisha mwenzangu kama gunia la kahawa?” alisema.

“Shikamoo, bibi. Tumechelewa,” Kastori alijibu bila kusimama. “Naye hataki tena.”

“Marahaba. Kuchelewa ni kwenu. Kiu ni yake.”

Hapo nikaingilia. Nilimwambia Kastori kwamba mzee hajibiwi huku mtu anatembea. Nikaamuru machela ishushwe. Nikamwambia Fidea, “Kunywa, binti yangu, utahitaji nguvu.” Alinitii. Alimaliza bakuli zima. Jua lilikuwa utosini.

Tulifika hospitalini saa nane. Mtu anayelaza wagonjwa usingizi pale anaitwa Osmundi, Mmatengo wa makamo, mpole wa sauti. Alikuwa ameshika kikombe cha kufunika pua, ambacho hudondoshewa dawa. Aliuliza, “Amekula nini, na lini?”

“Hajala,” wabebaji walijibu kwa pamoja.

“Tangu jana,” mmoja akaongeza. “Hata maji.”

Hawakuwa watu waongo. Walikuwa wamesikia kwamba aliyekula hurudishwa, nao wasingeweza kumbeba kurudi. Osmundi akanitazama mimi, akaeleza kwa utaratibu kwamba mtu aliyelazwa akiwa ameshiba huweza kutapika asijijue, matapishi yakaingia mapafuni, akafa kabla kisu hakijamgusa.

Nilisema, “Amekunywa togwa katika nyumba tatu. Bakuli la mwisho nilimwamuru mimi, saa sita.”

Kastori alinitazama jinsi ambavyo sijapata kutazamwa na mtu ninayemzidi umri.

“Watu wa ziwani,” Osmundi alisema, akiweka kikombe chini. “Mngemletea na samaki basi.” Kisha akaenda kwa daktari upesi kuliko alivyozungumza.

Waliamua kumchoma sindano ya mgongoni, ambayo huua maumivu kuanzia tumboni kwenda chini na kumwacha mgonjwa macho. Dawa yake haipatikani siku zote. Siku ile ilikuwapo. Ingekosekana, sijui ningemwambia nini Kastori, na sitaki kubuni.

Mtoto ni wa kike. Mama alimsikia alipolia. Siku ya pili Fidea aliniambia, “Mwalimu, nilimsikia daktari akiuliza mkasi uko wapi. Nikasema moyoni, na wewe huujui?” Alicheka, akashika mshono.

Wakati wa kurudi nilisimama kwa Bibi Rozalia, nikamweleza yote.

“Kumbe nilitaka kumuua?” aliuliza.

“Wewe ulimkaribisha. Aliyemlazimisha ni mimi.”

“Sasa akipita mwingine nimpe nini? Nisimame niangalie?”

“Wape wabebaji.”

“Wabebaji wana miguu, watakwenda kunywa kwao.” Alikiziba kibuyu chake. “Basi nitamsindikiza. Mpaka pale mtoni.”

Wiki iliyopita walipita wengine na mgonjwa. Wameniambia kwamba alifanya hivyo, akitembea kando ya machela na fimbo yake, hadi mtoni.

Mama Namsifu, nakufahamu. Katika miaka yetu yote hukumruhusu mtu aondoke nyumbani kwetu na njaa. Uchungu ukimshika binti yetu na mkunga akisema apelekwe hospitali, usimpe makande, usimpe maziwa, hata akiomba, hata mama yangu akikugombeza. Mwambie ni amri yangu. Na wakiuliza amekula nini, sema kweli. Wewe vaa viatu, umsindikize.

Nisalimie mama yangu mzazi, shemeji yako wa dukani, na mume wa Namsifu, ambaye naye ausome ukurasa huu.

Ni mimi mumeo, mwenye afya,
Baba Namsifu