Jeneza Jepesi la Baba

Mtaa wa Tuwan,
Kitale.
19 Mei 2025

Mpendwa dada yangu Dinah,

Pokea salamu kutoka Kitale kwenye matope. U hali gani na baridi ya Kanada? Mgongo wa shemeji Tonny umepona? Na Sandra bado anakataa ugali? Sisi tunakula, tunalala, tunaamka. Ukiniuliza zaidi ya hapo sina la kusema, kwa maana moyo umekufa ganzi tangu tumzike baba. Hata chai naona haina ladha.

Uliniuliza kwa simu uso wa baba ulikuwaje siku ya mazishi. Nikakwambia mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri, dada. Nimeona nikuandikie, kwa sababu karatasi haimkatizi mtu.

Mahindi ya nyumbani Bokoli yamefika magotini. Yule ng'ombe mwekundu alizaa ndama jike wiki ya mazishi, na mama amempa jina lako. Usishangae ukisikia Dinah amevunja ua wa jirani.

Sasa nirudi kwa swali lako. Unakumbuka baba alivyoringia kazi yangu ya Sharjah. Akiwa Chwele kwenye mnada wa ng'ombe aliwaambia watu kwamba mwanawe anaunda mashua zinazoshinda magari mbio, na yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga hata mtumbwi. Alisema siku moja nitampandisha. Alipofia hapa hospitalini, sikutaka jeneza la mbao. Nikaamua kumtengenezea la kwake, kwa vitu vilevile vya mashua ya mbio.

Nilikuwa nimerudi kutoka Sharjah na mabaki ya kitambaa cha kaboni, kile cheusi kilichosukwa kama mkeka. Ni laini, unaweza kukikunja kama shuka. Ukikilowesha gundi kikakauka, chuma kinaona haya. Katikati niliweka ubao wa povu gumu, kisha kaboni tena juu yake, maana mashua ya kasi inataka mwili mgumu usio na uzito. Halafu unafunika kwa nailoni na kuvuta hewa yote, kwa sababu kiputo kimoja kikibaki ndani, wimbi litapasua papo hapo. Pampu sikuwa nayo. Kipkemei wa Kachibora, mteja wa matangi ya maji ninayotengeneza siku hizi, akaniazima ya mashine yake ya kukamulia ng'ombe.

Nilifanya kazi hiyo bila chozi. Watu walisema nimejikaza kiume. Sikujikaza, dada, sikuwa na kitu cha kukaza.

Tulimtia baba ndani palepale mochari, mimi nikikagua kingo za jeneza badala ya uso wake, na hapo ndipo nilipokosea. Mazoea yana taabu. Mashua ya kasi haipigwi misumari, kwani kila tundu ni mlango wa maji. Sehemu ya juu na ya chini hugandishwa kwa gundi. Wenzangu walikuwa nje wakifunga maua kwenye gari, na mkono wangu ukapaka gundi ukingo mzima wa kifuniko. Kichwa hakikukumbuka kwamba mama, ambaye magoti yalimzuia kuja Kitale, alikuwa anangoja Bokoli amwone mumewe. Tulipofika huko, kifuniko na jeneza vilikuwa kitu kimoja.

Wapwa wanne wa baba walilibeba mabegani, wakasimama. Mmoja akasema, "Bana, si hii ni nyepesi sana? Mzee ako ndani kweli?" Minong'ono ikaanza. Shangazi yetu, Senge Nasike, unamjua, yeye hanong'oni. "Ati Bramwel ametuletea sanduku bila mutu!"

Mama aliegemea mbele kwenye kiti chake. Kisha akasema, "Fungua nione mzee wangu." Nikamweleza kwamba halifunguki. Akarudia maneno yaleyale kwa sauti ileile.

Fundi wa kuchomelea akaletwa na grinda yake ya kukatia chuma na jenereta. Nilikata mwenyewe, dirisha dogo upande wa kichwa. Vumbi jeusi likatua kwenye leso ya mama, kwenye Biblia ya mchungaji, kwenye sahani za wageni. Hakuna aliyejipangusa. Nilipoinua kile kipande, mama aliinama, akaingiza mkono, akamshika baba shavu. Senge akaangua kilio. Watu wakapita mmoja mmoja kutazama.

Na mimi? Mimi nilisimama kando na kipande mkononi, nakigeuza kwenye mwanga, nakagua ukingo uliokatwa kama kuna kiputo. Hakikuwepo hata kimoja. Nikafurahi, Dinah. Nilipokumbuka kugeuka, dirisha lilikuwa limeshafunikwa kwa leso ya mama na wimbo umeanza.

Kipande hicho ndicho nimewekea karatasi hii ninapoandika. Hakipindi hata kidogo. Kwa hiyo uso wa baba muulize mama. Yeye alimwona.

Msalimie Tonny na Sandra. Mama anasema vaa soksi. Senge Nasike pia anakusalimu. Amenisamehe, ila anasema siku yake ikifika nimtafutie mbao.

Mungu akutunze huko uliko. Na akikujalia machozi, lia na yangu pia.

Wako akupendaye, kaka yako,
Bramwel